Gari inavuta kilo 2,500, mbona karavani ya kilo 1,250 imeielemea?

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Nina pikapu ya milango minne niliyoinunua mkononi, na mwaka huu tumepata karavani iliyotumika ambayo tumeigeuza kuwa jiko na pahala pa kulala. Kila mwisho wa wiki tunatoka Fuoni watu watano kwenda Paje kuuza chakula, na Julai tunakusudia kufika Makunduchi kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Kitabu cha gari kinasema inavuta kilo 2,500, na karavani imeandikwa kilo 1,250. Juzi fundi aliikuta gari imeshapakiwa, akainama akaitazama kwa nyuma, akasema imezidiwa na hatoiongeza jani la springi mpaka nipunguze mzigo. Picha za gari, karavani na mizigo tunayobeba nimekutumia. Nani mkweli, kitabu au fundi?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Wote wawili wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa akijibu swali lake. Kitabu kinaeleza gari inaweza kukokota nini. Fundi alikuwa akitazama gari imebeba nini mgongoni. Kukokota na kubeba ni kazi mbili zenye mipaka miwili, na katika pikapu kama yako mpaka wa kubeba ndio unaofikiwa kwanza, mara nyingi wakati ule wa kuvuta bado uko mbali.

Utalifahamu jambo hili upesi ukiikumbuka gari ya ng'ombe. Ng'ombe mmoja hukokota mawe ambayo ukimtwika mgongoni yatamvunja uti, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayobeba na yeye anavuta tu. Lakini mpakiaji akiyarundika mawe mbele ya ekseli, nira humkandamiza ng'ombe shingoni, na akiyarundika nyuma, nira huinuka ikamkaba. Ndiyo maana mpakiaji mzoefu huyapanga juu ya ekseli na kuyasogeza mbele kidogo. Karavani yako inaifanyia pikapu vivyo hivyo: sehemu kubwa ya uzito wake imekaa juu ya magurudumu yake yenyewe, ila pua yake imelala juu ya ndoano ya gari, na kila kilo iliyolala hapo inahesabiwa kuwa mzigo uliobebwa na pikapu, sawasawa na gunia lililowekwa nyuma kwenye bodi.

Tuanze na kibati. Katika picha ulizoniletea, kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha kwamba uzito wa jumla unaoruhusiwa ni kilo 2,900, yaani gari yenyewe, mafuta, watu, mizigo na pua ya tela vikiwa pamoja. Chini yake ipo namba nyingine ambayo watu wengi huiruka, nayo ni kikomo cha ekseli ya nyuma peke yake, kilo 1,700. Kitabu kinasema gari ikiwa tupu ina kilo 1,980. Toa 1,980 katika 2,900, unabakiwa na kilo 920, na hizo ndizo haki yako yote ya kubeba. (Gari zilizouzwa Marekani huwa na karatasi mlangoni inayotaja moja kwa moja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa, kwa kilo na kwa ratili (paundi). Wanaoagiza gari Japani nao wajue kwamba uzito wa jumla ulioandikwa kwenye vyeti vya huko humhesabia kila abiria kilo 55 tu. Kwa mtu aliyelelewa kwa wali wa nazi, hesabu hiyo ina matumaini makubwa.)

Sasa tuzitumie hizo 920. Kitabu kiliipima gari ilivyotoka kiwandani, nayo leo si hiyo tena. Kanopi ya chuma uliyoichomelesha haina chini ya kilo 85, na ngao ya mbele pamoja na chuma cha ndoano ni kama kilo 55, kwa hiyo zimekwishaondoka 140 kabla hujawasha injini na umebakiwa na 780. Watu watano, kila mmoja kwa kilo 75, ni 375, zinabaki 405. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 za maji na kilo 10 hivi za pipa, zinabaki 195. Jenereta, kilo 90, zinabaki 105. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 15 haina kilo 30 kama wengi wanavyodhani, kwa sababu kilo 15 ni gesi peke yake na chuma cha mtungi kinakaribia uzito huohuo, kwa hiyo uiandikie 60, zinabaki 45. Gunia moja la mchele la kilo 50 linakupeleka chini ya sifuri kwa kilo 5. Yaani pikapu imeshajaa na kupindukia, na karavani bado imesimama uani hujaiunga.

Halafu ndipo unapoiunga. Kilo 1,250 zilizoandikwa ni za karavani tupu, bila friji mliyoiongeza, bila jiko la chuma, bila masufuria, meza na magodoro. Nikiviangalia vyote hivyo katika picha nakisia imefika 1,500, na uzito wa kweli utakupa mizani ya magari peke yake. Kwa tela la ekseli za katikati, utaratibu unaofuatwa sana Marekani ni pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Karavani za Ulaya hutengenezwa na pua nyepesi kuliko hivyo, kwa hiyo kabla ya yote soma namba iliyogongwa kwenye shingo ya karavani na ile iliyogongwa kwenye ndoano ya gari, ukafuate iliyo ndogo. Nyinyi friji na jiko mmevipanga mbele, nami sioni pua hiyo ikiwa chini ya asilimia 12, ambayo ni kilo 180. Ziongeze kwenye zile 5, gari imezidi kwa kilo 185. Wakati huohuo karavani iko mbali na zile 2,500 za kitabu kwa kilo elfu nzima, ndiyo maana ukaona kama fundi anakuonea.

Lakini kilichomfanya fundi ainame si hizo 185. Pua ya tela haikai juu ya ekseli ya nyuma. Inakaa nyuma yake, na hapo ndipo ubaya unapozidi. Chukua kamba ya kupimia. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma tuseme ni mita 3, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano ni mita 1.2. Kilo 180 zikikandamiza pale mwisho, ekseli ya nyuma haihisi 180, inahisi 252, kwa kuwa gari nzima inageuka pembea na ekseli hiyo ndiyo egemeo. Zile 72 za ziada zimetoka mbele: magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 72 za kukanyagia lami. Kila aliyepanda ngalawa iliyopakiwa tezi, yaani nyuma, anajua omo ya mbele inavyonyanyuka na chombo kinavyokuwa kizito kusikia usukani. Gari nayo hufanya hivyo, ila gari inategemea magurudumu ya mbele kwa kukata kona na kwa sehemu kubwa ya breki, na usiku taa zake zinawamulika wanaokuja badala ya njia.

Nikijumlisha yote yaliyolala nyuma, yaani uzito wa nyuma wa gari tupu, kanopi, ndoano, mizigo ya kwenye bodi, sehemu ya abiria na pua ya karavani, napata ekseli ya nyuma imebeba zaidi ya kilo 1,850, ilhali kikomo chake ni 1,700. Kwa hiyo hata ukianza kuzipunguza zile 185 kwa kumshusha abiria wa mbele na kuondoa ngao, kibati kitakuwa bado hakijaridhika, kwa sababu uliyoyapunguza yalikuwa mbele na ugonjwa uko nyuma.

Kuhusu springi, namuunga mkono fundi wako moja kwa moja. Kuongeza jani huinua mkia wa gari, nayo ikainuka watu husema imepona. Jani haliongezi unene wa ekseli, halikuzi breki, halibadilishi beringi, haliimarishi chesisi. Linaondoa tu ile dalili iliyokuwa ikikuonya. Nilikuwa na pikapu yangu mwenyewe, zamani kidogo, nikaiongeza majani mawili ili nipakie saruji mifuko thelathini, na mifuko thelathini ya kilo 50 ni tani moja na nusu. Ilisimama sawa kama haikubeba kitu, nami nikajisifu. Baada ya miezi kadhaa nikaona mlango wa nyuma wa kibini haufungi vizuri. Ukiusukuma unagota juu. Nikalala chini na tochi, nikakuta chesisi imepinda nyuma ya kibini, na pembeni mwa tundu la riveti umetoka ufa mwembamba kama unywele, ukiwa na kutu ya rangi ya machungwa ikichuruzika. Kosa lilikuwa langu. Gari zetu za visiwani, zinazoshinda karibu na maji ya chumvi, zina kutu ndani ya chesisi ambayo huioni kwa nje, na pikapu za milango minne zina hatari zaidi ya kupinda, kwa sababu kibini ni kirefu na bodi imesukumwa nyuma ya ekseli, kisha mtu anaongeza pua ya tela mwisho kabisa.

Tairi ndilo jambo nililolitafuta katika picha zako nisilione. Futa ubavu wa tairi la nyuma kwa kitambaa chenye maji, usome herufi na namba zinazofuata kipimo cha rimu. Utakuta namba kama 112, au 112/110 kwa tairi za kazi, na hiyo si kasi wala mwaka. Ni alama ya uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kuubeba. 112 ni kilo 1,120, 104 ni kilo 900, 100 ni kilo 800, na 95 ni kilo 690. Nalisisitiza hili kwa sababu tairi za mitumba zinazouzwa hapa mjini huchaguliwa kwa kutazama rimu na meno, na si mara moja nimekuta pikapu ya kazi imevishwa nyuma tairi za gari ndogo. Mbili za 95 zinabeba kilo 1,380 kwa pamoja. Ekseli yako kikomo chake ni 1,700, wewe umeitwika zaidi ya 1,850, na tairi, zikiwa za aina hiyo, zilishaomba msamaha tangu Tunguu. Uzito ulioandikwa tairi huubeba likiwa na upepo wake kamili. Mkifika Paje mnapunguza upepo ili msizame mchangani, na hilo ni sawa kabisa kwa mwendo wa taratibu pwani. Lakini kurudi mjini kwa upepo uleule, na mzigo uleule, juu ya lami ya saa nane mchana, ni kulipika tairi kwa ndani mpaka lipasuke. Nunueni pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari.

Sasa nini kifanyike. Jambo la kwanza ni maji. Paje yapo maji, na kulipia pipa huko ni rahisi kuliko kulibeba njia nzima kutoka Fuoni. Likiachwa, kilo 210 zimeondoka, na zile 185 za ziada zinageuka kuwa nafasi ya kilo 25. Watu wawili wapande daladala, inaingia nafasi ya 150 nyingine, nayo inafika 175. Jenereta iingie ndani ya karavani, ifungwe kwa mikanda juu kabisa ya ekseli yake, ambapo haiongezi pua wala haipunguzi, na pikapu inapata nafuu ya 90 zaidi. Hilo la mwisho nalisema kwa sharti: kibati cha karavani yenyewe kinaruhusu kilo 1,600, na 1,500 ukiongeza 90 ni 1,590, kwa hiyo hapo mlango umefungwa, isiingie tena hata katoni ya soda. Mafuta ya jenereta yamwagwe kabla ya safari, nayo isiwe pamoja na mitungi ya gesi. Mitungi ibaki nje kwenye bodi ya pikapu, imesimama wima, imefungwa kamba.

Litakalokujia akilini, kwa kuwa humjia kila mtu, ni kusogeza friji na jiko nyuma kabisa ya karavani ili pua iwe nyepesi. Usifanye hivyo. Tela lenye pua nyepesi mno huanza kutikisa mkia. Linayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, na kila yumbo ni kubwa kuliko lililotangulia, mpaka linaamua lenyewe gari iende wapi. Basi likipita kwa kasi, au upepo wa kusi ukiingia kwa ubavu pale miti inapokatika, huwa ndio mwanzo wake. Likikutokea, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe mnyoofu, uiache gari ipungue yenyewe, usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kuyafukuza mayumbo kwa usukani. Vitu vizito vikae chini sakafuni, karibu na ekseli, mbele yake kidogo, kama yule mpakiaji wa gari ya ng'ombe.

Pua unaweza kuipima mwenyewe nyumbani kwa mizani ya kupimia watu, ijapokuwa mizani hiyo mara nyingi huishia kilo 120 au 150 na pua yako ni nzito kuliko hapo. Tafuta ubao mgumu wa mita moja. Mwisho mmoja uuweke juu ya kipande cha bomba kilicholala juu ya tofali, mwisho wa pili juu ya kipande kingine cha bomba kilichokaa katikati ya mizani, na kati ya mabomba hayo pawe na sentimita 90 kamili. Soma kwanza mizani inavyosema ukiwa ubao peke yake na uiandike. Kisha karavani ikiwa imepakiwa kila kitu, imesimama sawa na ardhi, magurudumu yamewekewa kabari, shusha pua yake juu ya ubao kwa jeki yake, sentimita 30 kutoka bomba la kwenye tofali. Toa uzito wa ubao ulioandika, halafu zidisha kwa tatu. Mizani ikisema 60 baada ya kutoa ubao, pua ni kilo 180. Mimi hutumia bomba la nusu inchi lililobaki kwenye kazi ya maji.

Njia yenu haina milima ya kusumbua. Ungekuwa Pemba, unatoka Mkoani kwenda Chake Chake, ningekuwekea sharti jingine la gia na joto la injini. Njia ya Fuoni, Tunguu na Kitogani ni tambarare, ila pale Jozani yapo matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara. Tuta hufanya kazi mbaya kwa gari iliyoelemewa nyuma: magurudumu ya mbele yakishapita, ya nyuma yanapopanda, pua ya karavani inashuka kwa kishindo juu ya ndoano, na kwa kitambo hicho ekseli inahisi uzito mkubwa kuliko wowote niliouhesabu hapa. Yapiteni kwa mwendo wa miguu. Karavani nayo ikaguliwe breki zake. Ulaya tela linalozidi kilo 750 halivutwi bila breki zake lenyewe, nami naona kipimo hicho kinafaa hapa pia, kwa kuwa breki za pikapu ziliundwa kuisimamisha pikapu.

Wala asisafiri mtu ndani ya karavani, hata mtoto aliyelala.

Nitumie picha ya ubavu wa tairi la nyuma, namba uliyoipata kwenye ubao na mizani, na urefu wa kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano uliopimwa kwa kamba. Hizo tatu zikifika kabla ya Julai, nitaipiga upya hesabu ya Makunduchi, na fundi naye apelekewe nakala.